Imane wa Redio

Kwetu ukitaja serikali, watu hutazama juu. Serikali huja kwa helikopta majira ya kura, hutua kiwanja cha mpira, hugawa mchele na samaki wa kopo, huahidi barabara, kisha huondoka kabla wingu halijashuka. Mengine yote ni ya kanisa. Shule ninayofundisha ni ya kanisa, zahanati ni ya kanisa, na koo mbili zikishikiana mashoka, anayesimama katikati ni Mchungaji Nokali, maana kituo cha polisi kina paa lakini hakina polisi. Hata uwanja wa ndege, kile kipande cha nyasi ubavuni mwa mlima, wazee wetu walikichimba wenyewe kila Jumapili baada ya ibada.

Imane ndiye aliyekuwa mtu wa redio. Mumewe alimwacha kwa kuwa hakuzaa, na kanisa likampa kazi hiyo kwa kuwa alijua kusoma na hakuwa mtu wa kubabaika. Kila asubuhi aliukanyaga uwanja mzima kwa miguu mitupu, akatazama pengo la mlima ambako ndege hupitia, kisha akaingia kibandani na kumwambia rubani alichokiona. Aliyemtangulia aliwahi kusema uwanja ni mkavu na haukuwa mkavu. Alikuwa anangojea sukari ya duka lake. Ndege iliteleza ikaingia mtoni na rubani akafa. Baada ya hapo hakuna ndege iliyokuja kwa muda mrefu, na surua ilipoingia, tulizika watoto mpaka tukachoka kuimba.

Takame alikuwa binti wa Lopao, dada mkubwa wa Imane, lakini aliyemlea ni Imane. Lopao alikuwa na watoto wengi, akampa mdogo wake mmoja ili nyumba isiwe na ukiwa. Takame alikua, akaolewa na Waiyo, akazaa msichana, Nenge, kisha akashika mimba ya pili.

Mwaka huo fedha ambazo serikali hulipa kanisa kwa ajili ya zahanati hazikuja. Vijana waliokuwa wakifyeka uwanja na kuzibua mifereji wakaenda zao.

"Mchungaji, mifereji imeziba," Imane alimwambia Nokali mbele yangu. "Mvua zikianza tutakuwa na bwawa."

"Nimeshapeleka maombi, mama. Wananiambia faili liko mezani."

"Hiyo meza ni ndefu kweli."

Akachukua sepetu akaanza mwenyewe, na wanawake wachache wakamfuata. Wanaume waliwatazama kutoka kwenye ua wa duka. "Hiyo kazi ya serikali!" mmoja akawapigia kelele. "Mkiifanya nyie, wao watafanya nini?" Wakacheka. Nami nilikuwa nimesimama pale, sikwenda kushika sepetu.

Mvua ikaja. Katikati ya mvua hizo Takame akashikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekingama tumboni. Muuguzi alijaribu alichokijua, kisha akatoka nje akifuta mikono. "Huyu ni wa kupasuliwa," alisema. Hospitali ya kanisa iko ng'ambo ya milima. Kwa ndege, chai haijapoa umeshafika. Kwa miguu, ni kulala njiani.

Asubuhi ile mvua ilikatika na anga likawa safi kabisa. Watu walijaa mlangoni pa kibanda. Imane alitoka uwanjani, tope limempanda mpaka kwenye mashavu ya miguu.

"Anga naliona zuri," sauti ya rubani ilisema. "Uwanja ukoje?"

Lopao alimshika mdogo wake mkono. "Mwambie pamekauka."

"Dada, nimetoka huko sasa hivi. Nimezama."

"Si kidege kidogo tu kile? Mwambie pamekauka, Imane!"

Waiyo alipiga magoti. "Mama, nakuomba. Ni mwanao."

Imane alibonyeza kitufe. Sauti ilitoka sawasawa. "Uwanja ni tope. Katikati mguu unazama. Mgonjwa ni mwanangu."

"Imane," rubani alisema, "siwezi kutua."

"Najua."

Lopao aliuachia ule mkono. "Asiyezaa hajui," alisema, akatoka.

Wakamfunga Takame kwenye machela ya miti na kupanda naye mlima. Alifia kwenye kivuko cha pili, na mtoto tumboni. Wakageuka wakarudi naye.

Lopao alijipaka udongo wa msiba mwili mzima. Ndugu za Waiyo walikuja kibandani na mashoka, wakisema Imane ni mchawi, ameula moyo wa Takame. Mchungaji Nokali alisimama mlangoni na kuwanyooshea kile chombo cha kuongelea.

"Haya, muueni. Halafu kesho nani ataita ndege? Wewe? Shika basi. Wewe je?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Walitaka fidia ya nguruwe, na kanisa likatoa, kama linavyotoa kila kitu.

Mbunge alifika kwenye matanga kwa helikopta, na magunia ya mchele. Alisema serikali inalia pamoja nasi. Lopao, udongo umemkauka usoni, alimuuliza, "Mheshimiwa, hilo lidude lako nalo linataka uwanja mkavu?"

"Hapana, mama!" alijibu kwa fahari. "Hili linatua popote."

Nadhani alijisikia mwenyewe alichokisema, maana aliinamisha kichwa. "Popote," Lopao alisema, akainuka akaenda zake, akauacha mchele.

Wiki iliyofuata wanaume wote walitoka na sepetu, nami nikiwemo. Mifereji ikazibuliwa kwa siku moja. Imane alipita kati yetu akipima udongo kwa unyayo wake.

Lopao alimchukua Nenge kumlea. Mwaka uliofuata mtoto alishikwa na nimonia, mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Uwanja ulikuwa mkavu. Nilimkuta Lopao njiani, mtoto yumo kwenye mfuko wa kamba mgongoni, anaelekea milimani.

"Mama Lopao, ndege inaweza kuja leo hii. Imane yuko pale."

"Nina miguu," alinijibu.

Nenge alipona, wakarudi baada ya majuma kadhaa. Lopao alikuwa anachechemea, vidole vimepasuka kwa mawe ya njiani. Alipita mbele ya kibanda bila kugeuza shingo. Imane alitoka mpaka kizingitini, akamtazama mtoto akitembea mwenyewe. Alifungua mdomo kama anayetaka kuita. Rubani akawa anauliza hali ya hewa, na Imane akarudi ndani kumjibu.