Kitabu Kilichokatwa Masikio

Watu wakijua kwamba napenda vitabu huniuliza: ukisafiri, ni mji gani wenye duka la vitabu la kuingia? Mimi huwajibu haraka, kama mtu aliyeizunguka dunia mara tatu na kusahau kofia huko. Nyeri, nawaambia, kulikuwa na duka lenye ngazi ya mbao. Ukipanda, inalia kama ndama. Mombasa kulikuwa na duka ambalo mwenyewe hufunga mlango adhuhuri akalala katikati ya vitabu vyake, na ukimgongea anakutukana kwa adabu. Nairobi kulikuwa na jingine refu sana, ukiingia kijana unatoka na mvi.

Hayo yote niliyajua hata kabla sijafika Nanyuki. Niliyajua kwa wivu.

Wivu wenyewe ulikuwa juu ya mtu mmoja, dereva wa lori la mifugo. Tulianza naye masomo ya ngumbaru, yale ya watu wazima, jioni moja mwishoni mwa miaka ya sabini, pale Isiolo, kwenye benchi moja la watoto wa darasa la kwanza, magoti yetu yakigusa masikio. Tuligawana raba moja, yeye upande wa bluu, mimi upande wa nyekundu. Vyeti tulipewa siku moja, tukashikana mikono kama mawaziri. Kisha yeye akapata leseni, na mimi nikapata kazi katika banda la ngozi. Yeye akapewa barabara, mimi nikapewa nzi.

Lakini nami nilikuwa na duka langu. Lilikuwa nyuma ya soko la mifugo, na mwenyewe alikuwa mama mmoja wa upande wa Meru, mwenye mabega mapana na sauti ya kanisa. Mbele aliuza unga, kamba za mbuzi na mafuta ya taa. Nyuma, ukipita pazia la gunia, kulikuwa na rafu nne za vitabu, vyote vikinukia mafuta ya taa, kwa hivyo ukisoma habari za moto ulikuwa unaogopa kweli. Nasema hapakuwa na duka kama lile kutoka Isiolo mpaka Misri, na sitaki kubishana na mtu.

Mama yule alikuwa na sheria moja. Kusoma ukiwa umesimama ni bure, lakini hutoki mpaka umemweleza ulichosoma.

"Mwenye nyanya huonja nyanya," alisema. "Mimi macho yangu yamechoka. Mteja akiniuliza kitabu hiki kina nini, nimwambie kina karatasi?"

Anayemweleza alipewa debe la kukalia, debe la mafuta ya kupikia lililopinduliwa, juu yake gunia lililokunjwa. Debe hilo lilikuwa langu. Mshahara wangu ulikuwa unaishia kwenye unga, kwa hivyo sikuwahi kununua kitabu, lakini kila alasiri nilisoma nimesimama kama korongo, kisha nikakaa kwenye debe nikasimulia. Mama aliacha kupima unga. Wateja walisimama na mifuko yao wazi. Mtu akiniambia leo kwamba kuna waziri aliyewahi kusikilizwa namna ile, namwambia aniletee huyo waziri.

Kisha dereva akirudi safari, mambo yalikuwa hivi.

"Salaam aleikum, Mama! Nimetoka Nyeri. Huko kuna duka, jamani, ngazi yake inalia!"

"Karibu, karibu! Hebu, kijana wa ngozi, mpishe mgeni akae."

Mgeni! Mtu tuliyegawana naye raba! Nilikuwa nainuka, naye anakaa kwenye debe langu, linapiga kelele ya furaha chini yake, mnafiki mkubwa. Akaanza: Nyeri hivi, Mombasa vile. Mama akawa anacheka mpaka anashika mizani. Mimi sura yangu ya tano inanioza mdomoni, hakuna wa kuiuliza.

Wakati huo nilikuwa nasoma kitabu kinene kuhusu mjane mwenye kisima na majirani watatu waliokitaka kile kisima. Mtu wa nyanda zetu ukimpa habari za kisima umempa habari za roho. Siku moja dereva alinikuta nasimulia sehemu ambapo majirani wanakata kamba ya ndoo. Hakukaa. Alisimama na funguo mkononi, mdomo wazi, lori likinguruma nje na mbuzi wakilalamika. Nilipomaliza akasema, "Mama, kitabu hicho niwekee. Naenda Garbatulla, nikirudi kesho kutwa nakichukua."

"Lakini huyu bado anakisoma," Mama akasema.

"Amekinunua?"

"Hapana."

"Basi huyo bado ni mbuzi wa soko, Mama."

Akacheka, akanipiga bega, akaenda. Mimi niliona giza. Ana barabara yote, ana ngazi za Nyeri, ana Mombasa nzima, na sasa anataka kisima changu kimoja.

Sasa, sisi watu wa mifugo tuna jambo letu. Mnyama akikatwa sikio, hakuna tena maneno. Kila ukoo na mkato wake. Mbuzi wako akipotea mpaka upande wa pili wa Ngaremara, atakayemkuta ataangalia sikio na kusema, huyu ni wa fulani. Na kitabu ukikifungua, pembe zake mbili za juu ni nini kama si masikio? Siku ya pili, Mama akiwa mbele anapima unga, nilitoa kisu changu cha ngozi nikapitisha kwenye pembe ya juu, jalada pamoja na kurasa zote, mkato wa mbuzi wa baba yangu. Nilifanya kazi safi. Kisha nikakirudisha kwenye rafu, moyo umetulia kabisa. Mtu aliyesoma ngumbaru, mwenye cheti!

Kesho yake dereva alirudi, Mama akaenda kuleta kitabu. Alitoka nacho mkono mmoja. Mkono wa pili umejaa vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja na nambari ya ukurasa.

"Nani amefanya hivi?"

Nilikuwa mlangoni. Miguu ilitaka kukimbia mpaka Leparua, mimi nikabaki.

Dereva alikichukua, akakifungua, akaangalia pembe. Akacheka mpaka akaegemea magunia. "Mama, usiulize nani. Ameandika jina lake. Hii ni alama ya kwao kabisa. Hata ningekiokota nyikani ningempelekea baba yake."

"Kwenu ni alama," Mama akasema, na sauti ya kanisa ikawa ya mazishi. "Kwetu huku ni kuharibu mali ya mtu. Kijana, mimi nilikupa debe langu."

Nilitamani anichape. Nilijua linalofuata: sitaliona tena pazia lile la gunia. Lakini dereva akasema, "Mimi nakichukua hivyo hivyo, na masikio yake." Akakilipia papo hapo. Kisha akanigeukia, akakiweka mikononi mwangu. "Shika. Ni dabare."

Mama akauliza dabare ni nini, naye akamweleza. Kwetu mtu mwenye ng'ombe humpa nduguye asiye na kitu ng'ombe wa maziwa. Maziwa anakunywa yule, ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na siku akimtaka anarudishiwa.

"Wewe kamua," akaniambia. "Na Mama apate kikombe chake kila siku kama kawaida. Ukimaliza nitakichukua."

Mama akatazama vipande vya karatasi, akavitia kwenye kopo la chumvi. "Haya. Kaa kwenye debe. Lakini kisu kibaki nyumbani."

Bora angenitukana yule dereva. Wema wa mtu unayemwonea wivu ni pilipili kwenye kidonda, na huwezi hata kupiga kelele, maana watu watasema huna shukrani.

Basi nikakamua. Baada ya wiki chache kitabu kikafika mwisho: mvua inanyesha siku saba, mabonde yanajaa, hakuna anayehitaji kisima, majirani wanaona aibu. Mwisho mzuri. Lakini nilikaa nacho nyumbani nikifikiria: nikimwambia Mama habari za mvua, ng'ombe anarudi kwa mwenyewe na debe linarudi kwa mwenye safari.

Katika banda la ngozi kazi yangu ilikuwa kuwamba. Ngozi ya mbuzi mdogo, ukiijua, utaivuta kwenye fremu mpaka inakaribia ya ndama. Nikaiwamba hadithi. Mvua nikaizuia mbinguni. Siku iliyofuata nilimwambia Mama kwamba amekuja mgeni kutoka kaskazini na ngamia kipofu, na ngamia yule, bila kuongozwa, akaenda moja kwa moja akalala juu ya kisima.

"Kipofu?" Mama akasema, unga ukimwagika.

"Kipofu kabisa. Macho kama maziwa."

Siku tatu Isiolo nzima iliuliza habari za ngamia yule. Sawa, si nzima; lakini wateja wa unga wote, na mkuu wa chinjio. Ngamia alikataa kuinuka. Majirani wakaleta kamba. Mjane akampa jina. Dereva mwenyewe alisikia kipande kimoja, akachelewa kuondoka, mbuzi wakakojoa lori zima.

Kisha akaja siku moja akasema, "Ndugu yangu, naenda mpaka Mombasa, safari ndefu. Nipe ng'ombe wangu, nami nikamue njiani."

Nikampa. Ningesema nini? Kila lori lililoingia mjini nilijificha nyuma ya ngozi, nikinuka zaidi ya kawaida yangu, na kawaida yangu haikuwa ndogo.

Aliporudi alinikuta kwenye debe, hakuna pa kukimbilia. Alikishika kitabu juu.

"Mama, tumeibiwa! Kitabu hiki hakina ngamia!"

Nilifunga macho.

"Kurasa zimetoka," akaendelea. "Ndugu yangu, kisu chako kilikula nambari zote, hata huwezi kujua zilizopotea ni zipi. Nimetafuta kitabu kizima kila duka. Nanyuki nimeuliza, Nyeri nimeuliza, Nairobi nimegombana na karani. Wote wanasema, ngamia gani? Basi nikawa nawaeleza."

"Ukawaeleza?" nikauliza.

"Wote! Nyeri walinipa kiti na chai. Yule wa Mombasa aliamka usingizini, akafungua mlango adhuhuri ili asikie. Alikuwa hafungulii hata askari!"

Hapo ndipo nilipaswa kusema ukweli. Sikuusema, na si kwa hofu tu. Nilikuwa nawaza: ngamia wangu amepanda ile ngazi inayolia kama ndama. Ngamia wangu amekunywa chai Nyeri, ameingia Mombasa adhuhuri. Nimemzaa mimi, katikati ya nzi, na mimi mwenyewe sijavuka kwenda popote.

"Safari ijayo nipeleke Nanyuki," nikamwambia. "Nikusaidie kutafuta."

Akanipeleka, kwa moyo safi kabisa, akanipa na nusu ya sukuma wiki yake njiani. Alipokwenda kushughulikia gurudumu, niliingia duka la vitabu peke yangu. Lilikuwa dogo, lenye baridi, na mzee aliyefunga miwani yake kwa uzi. Vitabu vyake havikunukia mafuta ya taa. Vilinukia vitabu tu, nikaona ni majivuno.

"Habari yako. Umetoka wapi?"

"Isiolo."

"Isiolo! Kwa yule dereva mwenye ngamia!" Akavuta kiti. "Kaa, kaa nikueleze, usije ukawa hujaisikia."

Nikakaa nikasimuliwa ngamia wangu. Alimsimulia vizuri, mzee yule, mpaka nikaanza kutikisa kichwa kama mteja wa unga. Kisha akainama karibu.

"Na mwisho wake, alivyonieleza dereva mwenyewe, ndio huu: ngamia hakuwa kipofu! Alikuwa anajifanya, ili asiuzwe!"

Hilo sikuliweka mimi. Nililitafuta kichwani mwangu kila kona, halikuwamo. Lilikuwa la dereva. Na lilikuwa zuri kuliko kila kitu nilichowamba mimi kwa siku zote zile. Nilimwonea wivu pale Nanyuki mpaka kucha zikaniuma.

Tulirudi kabla jua halijashuka. Sikwenda nyumbani. Nilipita pazia, nikakaa kwenye debe bila kukaribishwa, nikamwambia Mama yote kwa pumzi moja: kwamba kitabu kinaishia kwenye mvua, kwamba hakuna ukurasa uliopotea, kwamba ngamia nilimtoa kichwani ili nisinyang'anywe debe, na kwamba kujifanya kipofu si kwangu, ni kwa yule mwenzangu huko nje.

Mama alipima kilo mbili za unga kwanza.

"Na walipogundua ngamia anaona," akasema, "ikawaje?"

"Sijui, Mama. Hiyo sehemu ni yake."

"Basi kamwite."

Nikamwita, nikamweleza huko huko kando ya lori. Alinitazama. "Kwa hivyo nimegombana na karani wa Nairobi bure?"

"Bure kabisa."

"Wallahi wewe ni mwizi wa mifugo isiyokuwepo." Akacheka, akaingia mbele yangu.

Mama alikuwa ameshapindua debe la pili kando ya langu, na gunia juu yake. Tulikaa bega kwa bega kama kwenye benchi la ngumbaru, naye akaanza kusimulia. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja tu. Nilikuwa naangalia debe lake. Lilikuwa jipya, linang'aa, halijabonyea popote.