Donatus na Vitunguu Vyake vya Majani

Donatus alirudi kijijini, karibu na Runzewe, mwaka hamsini na mbili, akitokea mgodini Geita na sanduku la bati, viatu vilivyombana na mbegu za vitunguu vya majani. Mgodini alikuwa akiosha vyombo kwa Mzungu mmoja. Njiani akajipandisha cheo mwenyewe, akafika nyumbani mpishi mkuu.

Mkewe Apolonia hakuulizwa. Aliamka siku moja akakuta mchicha wake umeng'olewa kupisha vitunguu. Vilipokomaa, mateso yakaanza. Asubuhi mayai kwa vitunguu vya majani. Mchana maharage, na vitunguu vya majani juu. Siku moja Donatus alivichemsha na viazi vitamu, ukapatikana uji wa kijani ambao mbwa aliunusa akaenda zake.

"Sehemu nyeupe inatangulia kwenye samli," alimfundisha mkewe, kidole juu. "Ya kijani inatiwa mwisho, chungu kikishaepuliwa. Ukiipika sana umeiua."

"Hayo ulijifunza ukiosha sahani gani, Baba Esta?"

Donatus akaendelea kukatakata vitunguu. Watu wakubwa hawajibu upuuzi.

Mwaka ule magugu yalikuja kwa fujo. Shamba la mtama, chakula chao cha mwaka mzima, lilikuwa linamezwa. Apolonia akakiita kikundi cha walimaji cha Makoye, wale wanaopalilia kwa ngoma na nyimbo. Hawa hawataki fedha, wanataka kulishwa vizuri, na zamu yako ikipita huipati tena mpaka msimu mwingine.

Donatus akatangaza kwamba siku hiyo anapika yeye. Mbuzi akachinjwa. Sasa, kila mtoto wa kule anajua kwamba kidari ni cha kiongozi wa walimaji: kinapikwa kizima na kuwekwa mbele yake wote wakikiona, na kila mlimaji naye anapata kipande kinachoshikika. Apolonia alirudi kutoka kisimani akamkuta mumewe ameshika kisu juu ya kile kidari, yuko tayari kukikatakata. Akafungua mdomo amwonye. Kisha akaufumba. Acha aumbuke, alijisemea, leo atakoma. Akaenda kusonga ugali huku moyo wake umejaa furaha.

Jua lilipofika utosini, nusu ya shamba ilikuwa safi. Walimaji wakaketi. Donatus, kitambaa cheupe begani, akaleta mabakuli: mchuzi mwepesi, nyama ya kutafuta, na juu yake majani mabichi ya vitunguu yakielea. Makoye akachovya tonge, akatazama, akachovya tena.

"Kidari kiko wapi?"

"Kimo humo humo, kaka. Kimechanganyika. Wazungu ndivyo wanavyokula."

"Na haya majani mabichi? Umeniona nina pembe?"

Wakainuka wote. Hawakutukana mtu. Walichukua majembe na ngoma zao, na kabla hawajafika barabarani walikwisha tunga wimbo wa mwenyeji anayelisha wageni wake kama ndama. Donatus alibaki amesimama na kitambaa chake, kanywea. Apolonia alicheka mpaka akashika mbavu.

Alipofuta machozi ndipo akaliona shamba. Nusu safi, nusu magugu hadi kiunoni. Kicheko kikamkauka, akawakimbilia.

"Kaka Makoye! Rudini, nitachinja mwingine, nitapika mwenyewe!"

"Kesho tuko kwa Jilala, shemeji, na baada yake kuna wengine," Makoye alisema bila kusimama. "Mwambie mpishi wako apalilie."

Walipalilia wawili, wakinuniana, na magugu yakawashinda. Mtama uliovunwa haukujaza hata nusu ya ghala. Miezi ya njaa ilipoingia, Apolonia alikwenda kwa dada yake Scolastika na kikapu kitupu.

"Kulikoni, mdogo wangu?"

"Nimeolewa na mjinga, dada," Apolonia alisema, akasimulia yote, habari za mchuzi na wimbo wa ndama, mpaka Scolastika akaangua kicheko. Kwamba yeye mwenyewe alikiona kisu kabla hakijakata, hilo hakulisema.