Lundo Lisilopoa

Kwa miezi mitano nilimdanganya baba yangu kwa maganda ya ndizi na mihogo, na mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki. Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Bunia. Uongo wangu ulikuwa wa kisayansi, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Baba alifika kwangu na kifurushi kimoja baada ya watu kukimbia kijiji chetu, kilicho ng'ambo ya mji mdogo wa Iga Barrière. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kuchukuliwa na watu wenye bunduki. Mzee aliyezoea kutembea nyuma ya mifugo tangu alfajiri alijikuta katika kiwanja kidogo chenye nyumba, jiko, choo na ukuta wa matofali. Kila Jumatatu alifunga kifurushi chake, akavaa kofia, akaketi mlangoni akitaka kurudi. Kila Jumatatu nilimsihi, tukagombana, nikachelewa shuleni. Alikuwa mfungwa wangu, na mimi nilikuwa mfungwa wake, kwa maana sikuthubutu hata kwenda arusini bila kumwomba jirani amwangalie.

Siku moja alinikuta nyuma ya jiko nikimwaga maganda kwenye lundo nililolianzisha ili kuwaonyesha wanafunzi.

"Hii takataka ni ya nini?"

"Ni mbolea, papa. Itaiva yenyewe, miezi tatu tu."

Akafikiri. Ng'ombe hawapo, kwa hiyo samadi haipo, na shamba lake la maharagwe lilikuwa limechoka tangu zamani. "Basi ni muzuri," akasema. "Ikiiva nabeba mifuko mbili, narudia kwetu. Kama haijaiva, siendi."

Nilikubali upesi mno. Miezi mitatu ilionekana kwangu kama maisha mazima. Kifurushi kikaingia chini ya kitanda.

Siku za kwanza lundo lilinuka uchachu, kama mihogo iliyolowekwa ikasahauliwa. Nilimweleza baba kwamba ndani yake kuna bakteria wanaopenda joto la kawaida. Wanakula sukari na wanga, na wanafanya kazi kwa fujo mpaka nyumba yao inakuwa moto, wao wenyewe wanashindwa kukaa humo. Ndipo wanaingia wengine, wale wanaopenda moto. Wiki ya pili baba alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, kama mtu anayemsaidia ng'ombe kuzaa, akautoa haraka akicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu aje.

"Na bale ba kwanza? Bamekufa bote?"

"Bengi bamekufa. Bengine bako ku pembeni, fasi iko baridi. Bengine bamejifunga kama mbegu. Moto ikiisha, banarudia."

"Kumbe banarudiaka," akasema polepole. Heri ningejiuma ulimi.

Tangu hapo alilipima lundo kila asubuhi. Alikuwa na sheria moja aliyotoka nayo zizini: samadi yenye joto haipelekwi shambani, inaunguza maharagwe. Hata majirani wakimaliza kupanda, yeye alingoja mpaka kiwiko chake kisisikie kitu.

Wiki ya sita joto likaanza kushuka. Nikafukua pembeni, nikaona nyuzi nyeupe zenye kijivu, za bakteria wanaokuja mwisho, lundo likikaribia kuiva. Ndizo zinazotoa ile harufu ya udongo ulionyeshewa mvua ya kwanza. Zilikuwa pamoja na kuvu, zikitafuna vile vilivyowashinda wa kwanza, vijiti vya sombe, yale majani ya mihogo, na magunzi ya mahindi. Mwaka mwingine ningewaita wanafunzi mbio. Siku hiyo nilizifukia upesi, maana lundo likipoa baba angeondoka. Wiki ileile tulikuwa tumesikia kwamba watu waliokwenda kuvuna kwetu hawakurudi.

Basi, baba alipokwenda misa ya asubuhi, nilichimba katikati ya lundo, nikatia maganda mabichi, mavi ya kuku na maji ya bidoni moja ya lita ishirini, nikapindua yote. Nyuzi zikakatika. Baada ya siku mbili moto ulikuwa umerudi. Baba akatoa mkono, akasema, "Bado," akaenda kuketi.

Nikarudia, na nikarudia tena. Nilizunguka kwa majirani nikiomba maganda kama mfuga nguruwe. Darasani nilifundisha jinsi kundi moja la vijidudu linavyoandaa mahali pa lile linalofuata, na nyumbani sikuliacha kundi la mwisho litulie hata wiki moja. Lundo likafika kwenye dirisha la jiko. Baba naye akazidi kupungua. Aliacha kugombana, na mimi, niliyechoshwa na ugomvi wake, nikaanza kuutamani. Alitembea kando ya ukuta kutoka chooni mpaka jikoni, akageuka, akatembea tena. Nilimtazama nikaona aibu kubwa. Nilikuwa nimemfungia mlango.

Nikaamua kuacha. Sikumwambia mtu. Kwa wiki tatu sikutia kitu wala sikuligusa lundo, kwa sababu niliogopa kusikia linapoa. Kila asubuhi baba alipima, akasema "Bado," na mimi nilihesabu kwamba hiyo ndiyo ya mwisho. Jumatatu moja nikashindwa kuvumilia. Niliamka kabla yake, nikazamisha mkono.

Lilikuwa la moto. Nilidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Nikafukua, nikakuta maganda ya nanasi, mabichi kabisa, na mavi ya kuku ambayo si mimi niliyeyaleta. Nilipogeuka, baba alikuwa amesimama karibu na jiko, bila kofia, ameshika mfuko mtupu.

"Papa, ni weye?"

Akatazama chini. "Tangu mwezi ya pili nilijua ni weye. Mavi ya kuku haitembeaka yenyewe."

"Na haukusema?"

"Ningesema nini? Ningesema, sharti ningeenda kwetu." Akakunja ule mfuko mara mbili, mara tatu. "Miye pia niko naogopa."

Baba alilala porini na mifugo miaka mingi, na sikuwahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Nilitaka kumshika mkono, lakini kwetu mtoto mzima hamfanyii baba yake hivyo. Nikashika jembe. Akaja akasimama upande wa pili, tukapindua lundo pamoja mpaka mvuke ukatujaa usoni.

"Bado moto," akasema.

"Bado, papa," nikamjibu, nikaenda kuoga, maana shuleni kengele ilikuwa karibu kulia.