Kizibao Kilichoshonwa Bila Futi

Shemeji yangu ni mtu mwema, na bado nikiikumbuka Jumamosi ile natamani kumzaba kibao. Hasira yangu haina haraka ya kuisha. Lakini nianze na dada, maana kosa la kwanza lilitoka kwenye kiburi chake.

Dada yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Jicho. Mteja akisukuma mlango wa kibanda chetu, kabla hajamaliza salamu, dada ameshajua kiuno chake, kifua chake, na bega lipi limeshuka. Mimi mdogo wake nimekaa kwenye cherehani ya pili miaka kumi na moja, natembea na futi shingoni na bado nakosea. Yeye futi hana. "Futi ni ya wasioona," husema, huku ananitazama mimi.

Mumewe ni fundi bomba. Walijuana siku alipokuja kuziba bomba jikoni kwa mama yetu, akalegeza pasipostahili, akatuogesha wote na nguo zetu. Mwaka huu walikuwa wanatimiza miaka ishirini ya ndoa, na dada akaamua kumshonea kizibao cha kumbukumbu, kwa siri. Nje, kitambaa kizito cha kijivu. Ndani, bitana ya vipande: gauni lililoloa siku ile ya bomba, pazia la chumba chao cha kwanza, shuka alilofungwa mtoto wao alipozaliwa. Vifungo alivitengeneza kwa washa za shaba, zile pete ndogo ambazo mumewe husahau mifukoni, kila moja akaivika kitambaa. Ilimchukua wiki tatu, katikati ya kazi za wateja, na kila shemeji akipita dirishani dada alikikalia.

"Dada, mpime kwanza," nilimwambia kabla hajakata.

"Nimpime mume wangu? Kwani nimemwokota jana? Kifua arobaini na mbili. Huyo namkata hata nikifumba macho."

Na kweli alikuwa amefumba macho. Kwa miezi minne shemeji alikuwa halali kitandani. Alisema mgongo unamsumbua, godoro linamwonea, akahamia kwenye kochi. Dada alinisimulia kwa furaha, kwamba sasa amepona kelele za kukoroma. Asubuhi mwanamume anatoka na ovaroli, jioni anarudi na ovaroli, na ovaroli la fundi bomba hata ukilivika mlingoti litasimama vizuri. Mimi pia nilimwona kila siku. Sikuona kitu.

Jumamosi hiyo mchana dada akamwita kibandani, akamwekea kizibao mbele ya macho. Shemeji alikigeuza, akaona lile gauni, akacheka, akalipapasa kwa kidole gumba. Kisha akaanza kukikunja.

"Kivae nione," dada akasema.

"Nina jasho, mke wangu. Nitakivaa nyumbani."

"Vua hilo ovaroli."

"Mbele ya shemeji?"

"Shemeji ameshaona fulana. Vua!"

Akalishusha mpaka kiunoni. Kizibao kilimning'inia. Mabegani kilishuka, kifuani kikaacha nafasi ya kuingiza mkono mzima. Na mkanda wa suruali aliyoivalia ndani ulikuwa na matundu matatu mapya, yaliyotobolewa kwa msumari.

Dada akaja kwangu, akanivua futi shingoni. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akiigusa. Akampima kifua. Akampima tena. Thelathini na saba.

"Inchi tano," akasema. "Inchi zangu tano ziko wapi?"

"Kazi ni nyingi, unajua ..."

"Usinifanye mtoto! Ziko wapi?"

Ndipo shemeji akaitoa siri. Ni sukari. Ameambiwa hospitali tangu miezi mitano iliyopita. Vidonge anaviweka kwenye sanduku la spana, anavimeza akikumbuka.

"Nani mwingine anajua?"

"Bosi tu."

"Bosi!" Dada alipiga meza, pini zikatawanyika sakafuni. "Bosi anajua, mimi nashona bitana! Nimeolewa miaka ishirini ili habari za mwili wako nizipate kwa futi ya kuazima?"

"Sikutaka kukutia hofu. Mama yako alikufa kwa sukari, nikasema ..."

"Mama alikufa kwa kuficha!"

Hilo lilikuwa kweli. Tulimzika mama na dawa zake zikiwa chini ya godoro, hazijafunguliwa. Nikainama kuokota pini, maana sikutaka shemeji anione nalia.

Dada akamvua kizibao, akashika mkasi. Nikajua anakichana. Kumbe alikuwa anakata uzi tu, uzi mweupe usiofanana kabisa na kijivu. Akakikunja ubavuni, huku na huku, akapitisha mishono mirefu mibaya, ya kuonekana toka mbali, yeye ambaye akiona mshono wangu umepinda kidogo hunifumulisha wote. Akamvalisha tena kwa nguvu kama anayemvalisha mtoto mkaidi. Kilimkaa.

"Sijakata hata uzi wa kitambaa," akasema. "Inchi zako tano nimezikunjia humu ndani. Jumatatu tunakwenda hospitali wote, naingia na wewe mpaka kwa daktari. Ukinenepa nafumua. Na nisipopata cha kufumua ..."

Shemeji alitaka kumshika mkono, dada akamsukuma, kisha akaushika yeye mwenyewe.

Futi yangu sijarudishiwa. Nimenunua nyingine. Ile dada anaining'iniza shingoni siku zote, wateja wanashangaa, kwa sababu wao bado anawapima kwa macho. Kila Jumamosi mchana anafunga mlango wa kibanda na kuitumia kwa mtu mmoja. Mpaka leo amefumua mshono mmoja, na ule uzi mweupe ameutia kwenye kopo la vifungo, akaniambia nikiugusa nitakiona cha mtema kuni.