Kamera Mbili na Sekunde Kumi

Kwa miaka thelathini Masatu Bernado amekuwa akiwaambia watu wa Musoma wainue kidevu, wafumbe mdomo na wasipepese macho. Kibanda chake kiko hatua chache kutoka mwalo wa samaki wa Mwigobero, na harufu ya dagaa huingia bila hodi. Ndani kuna pazia la bluu la picha za paspoti, kioo, kitana kilichofungwa kwa kamba kwa sababu wateja wanapenda kuondoka nacho, na koti moja jeusi ambalo nusu ya wanaume wa mji wamelivaa kwenye vitambulisho vyao. Ni mtu wa uamuzi mwepesi. Ukimwuliza ukae wapi, atakuonyesha kabla hujamaliza kuuliza. Ndiyo maana kilichompata mwaka huu kiliwachekesha majirani, na wengine wakadhani ana malaria.

Kamera yake ilikufa mwezi wa tatu. Alikuwa anashuka kwenye boti akitokea kupiga picha za kipaimara, mguu ukateleza, mikono yake ikashika ukingo wa boti, na kamera ikajishikia njia yake. Waliitoa majini inatiririka kama sufuria iliyosuuzwa. Akaianika juani siku nne. Hata kukohoa haikukohoa.

Wiki hiyo hiyo mama yake akamwita. Dorotea anakaa kijijini Kiriba, kwenye boma alimozikwa mumewe, mzee Bernado. Ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshazima, na la kulia daktari amesema halitafika Krismasi. Masatu alimkuta kibarazani anachambua maharage kwa vidole.

“Masatu baba,” alisema, “nataka picha ya kaka yako Clementi. Kubwa, ya karatasi, niishike. Sura yake inanitoroka.”

“Nitamwomba mtu wa huko kwake Butiama ampige kwa simu, mama, anitumie.”

“Mtu gani? Wewe ndiye uliyemwacha, na wewe ndiye utakayemleta. Nikiwa bado naona.”

Kila mtu katika ukoo ule anajua Masatu alimwacha vipi.

Clementi ndiye mtoto wa kwanza wa Dorotea. Aliolewa na Bernado mtoto huyo akiwa mgongoni, na Bernado akampa jina lake na hakuwahi kutamka neno la kumtenga. Alimfundisha kuvua, akaona hana mkono wa nyavu, akampeleka kwa fundi seremala. Mzee alipofariki, miaka sita iliyopita, Clementi ndiye aliyetengeneza msalaba. Siku ya maziko, saa ya picha ilipofika, jeneza lilikuwa uani na Masatu akaita kama anavyoita kwenye kila msiba: “Watoto wa marehemu!” Wadogo zake watatu wakajipanga. Katekista alikuwa anatazama saa, na wingu lilikuwa limeinama juu ya ziwa. Kwa kuwa mpiga picha naye alikuwa mtoto wa marehemu, akaitega kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi. Kabla ya kubonyeza aliona mtu kule chini, pembeni mwa shamba la mihogo, anapanda na msalaba begani. Akabonyeza. Akakimbia, akasimama, ikapiga. Mvua ikashuka, jeneza likafunikwa haraka, na picha ya pili haikupigwa.

Hilo peke yake lingeweza kusameheka. Lakini Masatu, kwa mazoea ya kazi, alisafisha nakala tano, moja kwa kila mtoto, na ya tano akaitia kwenye bahasha akampelekea Clementi. Jamani! Unampelekea mtu picha ya watoto wa marehemu ambayo mwenyewe hayumo! Clementi hakukanyaga Kiriba tena, wala hakupokea simu. Masatu kila akiulizwa alisema ni bahati mbaya, kulikuwa na mvua. Amelisema hilo mara nyingi hadi hajui tena kama ni kweli. Je, alimtambua yule mtu mwenye msalaba? Na kama hakumtambua, nani mwingine angekuja na msalaba siku ile? Akifika hapo, mawazo yake hujifunga fundo.

Basi akaenda Bunda kwa Muzamil. Huyu ana duka la vitu vilivyotumika karibu na soko, na wamefahamiana tangu enzi za kamera za mkanda. Muzamil akaweka kamera mbili juu ya meza ya kioo. Moja ilikuwa ndogo, ya fedha, saizi ya pakiti ya majani ya chai. Ya pili ilikuwa nyeusi, nono, na ukiiwasha lenzi yake inatoka na kutoka kama kobe anayenyoosha shingo.

“Wallahi Mzee Masatu, hii kubwa ndiyo kamera ya kazi,” alisema Muzamil. “Inavuta mara sitini. Mtu akisimama kule kituo cha mabasi, wewe hapa unamhesabia meno.”

“Na haka kadogo?”

“Haka kanavuta mara nane tu, basi. Lakini kanakaa mfuko wa shati na hakaogopeshi mtu. Ukisogea karibu, kanatoa picha safi.”

“Ndani je? Ile kubwa ina jicho kubwa zaidi la kunasa mwanga?”

Muzamil ni mfanyabiashara mbaya kwa sababu hawezi kudanganya. Akajikuna ndevu. “Ndani zinalingana. Hiyo kubwa imevalishwa koti tu. Kwenye giza zote zinatoa chengachenga.”

“Sasa nichukue ipi?”

“Unapigaga nani?”

Swali jepesi hilo, la kujibiwa na mtoto. Masatu akaitundika ile kubwa shingoni, akajiona kwenye mahafali, vijana wenye simu wanampisha. Kisha akaishika ile ndogo, akafikiria nyumba za msiba, vyumba vya giza ambamo lazima umsogelee mtu hadi usikie pumzi yake. Akasema anachukua ndogo. Alipofika mlangoni akarudi, akasema kubwa. Akaomba kiti. Siku ya pili akaja tena, na ya tatu. Aliwauliza watu watano, na kila mmoja alimpa jibu la uhakika, kila jibu la kwake. Usiku hakuwa akilala vizuri. Mke wake alimwambia kwamba hata alipomchumbia yeye hakuhangaika hivi.

Mimi nadhani alikuwa analijua tatizo, ila hakutaka kulitazama. Kwa kamera kubwa angeweza kumpiga Clementi akiwa ng'ambo ya barabara, bila shikamoo wala marahaba, kisha akageuka na kumpelekea mama sura ya mwanawe. Ndogo ingemlazimisha kwenda hadi pale, asimame mbele yake, aseme kitu. Alikuwa na hamu ya kumwona kaka yake na alikuwa anamwogopa, yote kwa pamoja, na mtu wa hali hiyo hawezi kuchagua hata soksi.

Mwisho Muzamil akachoka. “Chukua zote, Mzee Masatu, kazijaribu. Keshokutwa unarudisha moja. Niachie kitambulisho chako.”

Masatu akakiacha, kile ambacho amevaa koti jeusi.

Alifika Butiama saa nne asubuhi, kamera kubwa mkobani, ndogo mfukoni. Karakana ya Clementi iko kando ya barabara, banda la mabati lililo wazi mbele. Ng'ambo yake kuna mgahawa wa mama mmoja aitwaye Rhobi. Masatu akakaa humo, akaagiza chai, akatoa kamera kubwa na kuiegemeza kwenye chupa ya chai ili isitikisike. Hata hivyo ilitikisika. Ukivuta mara sitini, hata mapigo ya moyo yanaonekana kwenye picha, na moyo wa Masatu ulikuwa unakwenda mbio. Picha ya kwanza ukungu. Ya pili ukungu.

“Wewe baba, ni mtu wa barabara?” Rhobi aliuliza, mikono kiunoni. “Maana mnakujaga hivihivi, mnapiga picha, kesho tunakuta X ya kubomolewa ukutani.”

“Hapana, mama. Najaribu kamera tu.”

“Jaribu kwa kule. Huku tunatafuta riziki.”

Aligeuza kiti, akangoja Rhobi arudi jikoni, akavuta tena. Safari hii sura ikaja. Clementi alikuwa anapiga randa, penseli sikioni, ndevu nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja. Amezeeka! Masatu akaweka kidole kwenye kitufe. Akabonyeza. Picha ikatoka safi, kila unywele mahali pake. Kazi imekwisha. Angelipa chai, angerudi zake, na mama angeshika karatasi yake.

Badala ya kuondoka, akaendelea kutazama. Akasoma kibao: CLEMENTI BERNADO, FUNDI SEREMALA. Akarudia jina la pili. Kisha, kwenye nguzo nyuma ya bega la Clementi, akaona fremu. Akavuta hadi mwisho, akabana pumzi. Ilikuwa ile picha ya maziko. Watu wanne kando ya jeneza, na katikati yao mtu wa tano, mwenye kichwa kikubwa kuliko vyote. Ilikuwa picha ya paspoti, imekatwa kwa mkasi na kubandikwa, kichwa kisicho na mwili, kimeinua kidevu na kufumba mdomo.

Masatu akaizima kamera. Hakujua kama ana hasira, aibu au furaha. Akalipa, akavuka barabara.

Clementi aliinua macho. “Karibu,” alisema, kama anavyowakaribisha wateja. “Unataka kitanda?”

“Shikamoo kaka.”

Randa ikapita mara mbili. “Marahaba.”

“Mama macho yanazima. Anataka picha yako.”

“Nimesikia.”

“Umesikia na huendi?”

“Niende kama nani, Masatu?”

Masatu akaonyesha nguzo kwa kidole. “Ulijibandika.”

“Nafasi ilikuwepo. Angalia mwenyewe.”

Akasogea. Kweli ilikuwepo. Yeye Masatu alikuwa amesimama hatua nzima mbali na kichwa cha jeneza, na pale kichwani, mahali pa mkubwa, hapakuwa na mtu. Miaka sita alikuwa na picha hiyo nyumbani na hakuwahi kuliona pengo lile.

“Nilitaka kuichoma,” alisema Clementi. “Kiberiti nikawa nacho mkononi. Ndiyo nikaona, huyu mtu ameacha pangu. Hakupakalia. Sasa nakaaga hapa nikipiga randa najiuliza. Mtu aliyeniachia nafasi, alishindwaje kuningoja? Uliniona, hukuniona?”

Masatu alikuwa amekuja na maneno yake yamepangwa: mvua, katekista, wingu. Yote yakamtoka kichwani.

“Sijui, kaka. Kila nikijiuliza napata majibu mawili.”

Clementi akaguna. Hakukasirika, na hakucheka. Akaona mkanda wa kamera unachungulia mkobani. “Hiyo ndiyo ulikuwa unanilenga nayo pale kwa Rhobi?”

“Ulijua?”

“Kioo chake kinamulika kama bati. Nifute.”

Masatu akaitoa, akazifuta picha tatu, moja baada ya nyingine, Clementi akiangalia hadi kioo kikaandika kwamba hakuna kitu. Ile ya mwisho, ile safi, kidole kilisita juu yake kidogo. Akaifuta.

Kisha akatoa ile ndogo mfukoni. Akaiweka juu ya lundo la mbao, akaielekeza kwenye benchi, akaitega sekunde kumi. Clementi akakaa bila kuambiwa. Masatu akabonyeza na kukimbia kama alivyozoea, akakaa kando ya kaka yake, akainua kidevu.

Taa ndogo nyekundu ikawa inawaka na kuzima. Wakangoja. Ikaendelea kuwaka na kuzima.

“Mbona bado?” aliuliza Clementi.

“Bado.”

Masatu hakuwa amewahi kukaa ndani ya sekunde kumi. Siku zote alizitumia kukimbia. Kumbe ni nyingi hivi! Mtu angefika kutoka pembeni mwa mihogo. Angeutua msalaba, angejifuta jasho, angesimama mahali pake. Au mtu mwingine, huyu aliyekwisha kusimama uani, angegeuka tu na kuita jina.

“Nilikuona,” alisema Masatu. “Nilijua ni wewe.”

Kamera ikapiga.

Kubwa ilirudi kwa Muzamil keshokutwa yake, na Muzamil hakupewa sababu. Picha ikasafishwa kwenye karatasi kubwa kuliko zote zilizopatikana Musoma. Jumapili Masatu akaipeleka Kiriba, na karatasi ikawa imechelewa, kwa kuwa Clementi alikuwa ametangulia, amekaa kibarazani na mama amemshika uso kwa mikono yote miwili.

Hata hivyo Dorotea aliipokea. Akaisogeza hadi karibu iguse jicho lake la kulia, akaikagua pole pole, kona kwa kona.

“Clementi ametulia vizuri,” alisema. “Ila wewe, Masatu, mpiga picha mzima, mdomo wazi. Ulikuwa unasema nini?”

Masatu akainama kunyoosha kona ya karatasi iliyojikunja.

“Alikuwa ananiamkia, mama,” alisema Clementi.