Wimbo wa Taifa Uliozaliwa Kimamba

Ninyi mliosoma enzi zetu, za kaptula za kaki na sketi za bluu zilizonyooshwa kwa pasi ya mkaa, hamhitaji kuelezwa heshima iliyokuwa nayo bendera. Kwetu Kimamba ikianza kupanda mlingotini asubuhi, baiskeli zilisimama njiani. Mama aliyejitwisha ndoo alisimama nayo, maji yakimchuruzika mpaka shingoni, na hakujifuta hadi tumalize kuimba. Nyumbani, redio ikipiga wimbo wa taifa, baba alitua kikombe chake cha chai na kukaa wima kama anapigwa picha. Ukicheka wakati huo, kofi lilikufikia kabla hujajua limetoka wapi.

Kimamba ya wakati ule ilinuka mkonge. Makapi yaliyooza nyuma ya mashine yalikuwa na harufu ya uchachu ambayo mgeni alizibia pua, nasi hatukuisikia kabisa. Tulicheza rede na kombolela mpaka miguu ikawa myeupe kwa vumbi. Treni ikipiga honi tuliacha kila kitu tukakimbilia stesheni, tukawapungia mikono watu tusiowajua. Tulirudi nyumbani kula ugali na mlenda, na siku ya makande tuligombea ukoko. Hatukuwa na kitu, ila kuna jambo moja ambalo watoto wa Kilosa mjini, wa vijiji vya Ulaya na Berega, hawakuwa nalo. Wimbo wa taifa ulikuwa wetu. Ulizaliwa Kimamba.

Aliyetuambia ni Mwalimu Madega, mwalimu wetu wa Siasa, mtu mfupi mwenye sauti nene kuliko kifua chake. Alisema zamani, kabla ya uhuru, palikuwa na mkata mkonge aliyekuwa akiimba huku anakata. Siku moja treni ilisimama stesheni, na mkubwa mmoja wa harakati za uhuru akasikia sauti ile kupitia dirishani. Akashuka na suti yake, akaingia shambani miiba ikimchana suruali, akamwomba yule mkata mkonge arudie. Akarudia, na tena akarudia. Yule mkubwa akaondoka na wimbo kichwani mpaka Dar es Salaam. "Na taifa zima," Mwalimu alimalizia, akigonga meza kwa vidole, "linaimba jasho la Kimamba."

Mkata mkonge huyo alikuwa babu yangu, Mzee Kibwana. Sikumkuta hai. Kaburi lake lilikuwa nyuma ya kambi ya zamani ya vibarua, na kila sikukuu ya uhuru ilipokaribia, darasa zima tulikwenda na majembe kulipalilia. Mwalimu alikuwa amechomeka kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi nyeupe: MTUNZI WA WIMBO WA TAIFA. Tulisimama mbele ya kibao hicho tukaimba, na mimi nilijisikia kama ardhi inanyanyuka chini ya miguu yangu. Bombani wenzangu walinipisha. "Mpisheni Zuhura, babu yake ndiye mwenye wimbo."

Nilimwuliza Bibi, mama yake baba, tuliyekuwa tukiishi naye. Alikuwa akiniita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyotania wajukuu wa kike. "Babu yako alikuwa na sauti, mke mwenzangu," alisema, akaendelea kuchambua mboga.

Nilipokuwa darasa la tano tukatangaziwa kuja kwa wageni. Walikuwa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, waliokimbia kwao na kupewa makazi upande wa Morogoro. Tuliwajua kwa kuwasikia tu darasani, tukawaona moyoni kama majitu. Wiki ile tulipaka chokaa mawe yote ya njia ya shule, tukafagia mpaka udongo ukang'aa. Mwalimu Madega alinifundisha jinsi ya kusimama. Baada ya wimbo wa taifa angenishika bega, anipeleke mbele na kuwaambia wageni: hii hapa damu ya mtunzi. Bibi alinipaka mafuta ya nazi miguu yote, na nikaazimwa viatu vya mtoto wa jirani vilivyonibana vidole.

Walikuja na lori. Hawakuwa majitu. Walikuwa vijana wa kiume na wa kike, wengine wamekonda, pamoja na mama mmoja mnene aliyefunga kitambaa kichwani, ambaye wote walimtii. Kengele ikagongwa, bendera ikaanza kupanda, nasi tukapaza sauti kama tulivyozoea.

Ndipo likatokea jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia nywele zinanisimama. Wale wageni walinyoosha migongo, wakainua ngumi juu, na chini ya sauti zetu zikaingia sauti zao. Maneno hayakuwa yetu. Hatukuelewa hata moja. Lakini wimbo ulikuwa ule ule, unapanda pale tunapopanda, unashuka pale tunaposhuka. Wanaume waliimba sauti ya chini kabisa, ikatetemesha vifua vyetu, na wanawake wakaelea juu yake. Mmoja mmoja sisi watoto tukanyamaza. Bendera ilifika juu, sisi tulikuwa tumekwisha nyamaza sote, na wao wakaendelea mbele ya mahali ambapo wimbo wetu unaishia, wanaendelea tu, machozi yakimtiririka yule mama bila kuyafuta. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima akilia huku amesimama wima namna ile.

Walipomaliza, Rajabu, mtoto wa fundi cherehani, akapiga kelele kutoka mstari wa nyuma: "Mwalimu, wametuibia wimbo!"

Kijana mmoja wa kwao aliyejifunza Kiswahili akawatafsiria wenzake, wakaangua kicheko. Yule mama hakucheka. Alimtafuta Rajabu kwa macho, akasema naye taratibu, kijana akitafsiri.

"Mwanangu, hatukuiba. Wimbo huu ulitungwa kwetu na mwalimu wa shule, kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake, watoto kama wewe. Ukatoka ukatembea nchi nyingi, watu wakautia maneno yao. Kwetu leo ukiuimba mkutanoni, askari wanakuja na mbwa. Sijausikia ukiimbwa na watoto wasioogopa tangu nilipoondoka nyumbani. Leo nimeusikia."

Wakati huo mkono wa Mwalimu Madega ulikuwa tayari begani kwangu. Niliusikia ukitetemeka. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekaa viti vya mbele, akamnong'oneza kwa ukali, "Mwalimu, fuata ratiba! Mtambulishe mtoto!"

Mwalimu hakufuata ratiba. Alimtazama yule mama, akasema, "Mama, sisi hapa tulikuwa na hadithi nyingine ya wimbo huu. Mimi ndiye niliyewafundisha hawa watoto. Naomba mtuimbie tena, wasikie vizuri." Akaondoa mkono wake, akasimama kwenye mstari pamoja na wanafunzi.

Sikusubiri. Nilivua vile viatu nikakimbia navyo mkononi mpaka nyumbani, nikajitupa mkekani kwa Bibi. Nililia kwa hasira. Nilimchukia yule mama, nikamchukia mwalimu wao aliyetunga, na Mwalimu Madega nikamchukia kuliko wote. Kesho bombani nani angenipisha?

Bibi hakunibembeleza. Aliniacha nilie, akateleka maji ya chai. Chai ilikuwa haijaiva Mwalimu Madega alipobisha hodi, shati limemganda mgongoni kwa jasho.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, kaa."

Alikaa kwenye kigoda, magoti yamemfika kidevuni, akaeleza yaliyotokea. Akasema hadithi ile aliisikia kwa wazee wa stesheni alipohamia, akaipenda, akaiongeza hapa na pale. Ile suti na ile miiba ni za kwake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo, "Bibi, Mzee Kibwana alifanya nini hasa?"

Bibi alimimina chai kwanza. Ndipo akasema.

"Hapa mkongeni palikuwa na kambi nyingi. Wanyamwezi na kambi yao, Wabena na yao, Wamakonde na yao, na sisi wenyeji. Kila kambi na ngoma yake. Jumapili pombe ikiwakolea walipigana kwa fimbo mpaka mtu anabebwa. Uhuru ulipokaribia, akaja kijana wa chama kutoka Kilosa kufundisha wimbo mpya. Alikaa stesheni jioni moja tu, akafundisha watu wachache, akapanda treni akaenda zake. Mume wangu alikuwa miongoni mwao."

Alipuliza chai yake.

"Akaniambia, hawa wa makambini nani atawafundisha? Basi akitoka kukata mkonge hakuja kula. Alizunguka kambi moja baada ya nyingine, mpaka Rudewa huko, kwa miguu. Waliokuwa hawajui Kiswahili aliwaambia waimbe midomo imefumbwa, washike sauti kwanza, maneno yatakuja. Kila siku hivyo. Nikamwambia Kibwana, utakufa. Hanisikii."

"Wakaujua?" Mwalimu aliuliza.

"Siku ya uhuru tulikusanyika uwanjani, kambi zote. Mume wangu aliamka hana sauti. Imekwisha kabisa. Anafungua mdomo, hakuna kitu. Wimbo ulipoanza, Wamakonde wakaimba, Wabena wakaimba, wale waliovunjana vichwa Jumapili iliyopita wanaimba kitu kimoja. Yeye amesimama anasikiliza. Nilimshika mkono. Ulikuwa umejaa makovu ya miiba. Tangu hapo, mwalimu, sijasikia tena sauti kama ile ya siku hiyo."

Mwalimu Madega aliinamisha kichwa. Chai yake ilipoa mbele yake. "Sasa Bibi, miaka yote hii naja na watoto, nawaambia ametunga. Mbona hukunikanya?"

Bibi alimtazama kana kwamba swali lenyewe ni la kitoto. "Ulikuwa unakuja kumpalilia mume wangu kaburi. Nikaona nikisema, mtaacha."

"Hatutaacha," Mwalimu akasema.

Mimi kwenye mkeka nilikuwa nimeacha kulia bila kujua. Babu wa hadithi ya Mwalimu alikuwa mtu wa kung'aa ambaye nilijivunia mbele za watu. Huyu wa Bibi, aliyekuwa akirudi nyumbani na njaa, miguu imejaa vumbi, nilimwona. Nilimwona kiasi cha kutaka kumpokea kisu chake cha mkonge.

Mwaka ule tulipokwenda kupalilia, Mwalimu alitusimamisha akatusimulia upya yote, pamoja na yule mwalimu wa Afrika Kusini. Aling'oa kibao na kuandika kingine: ALITUFUNDISHA KUUIMBA. Mwenyekiti alikasirika. Alisema ukweli wa namna hiyo haukiletei kijiji sifa, akatuma mtu akarudisha cha zamani. Mwalimu akakichomoa. Kikarudi. Vita ya kibao iliendelea hata baada ya mimi kumaliza darasa la saba, na mwisho mchwa ndio walioamua, wakavila vyote viwili. Bombani nilitaniwa kwa muda, mjukuu wa mwenye wimbo wa kuazima. Halafu wakasahau, nikapanga foleni kama wengine.

Sasa naishi Mikumi, nina mgahawa kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia. Shule haiko mbali, asubuhi nawasikia watoto wakiimba bendera ikipanda. Bodaboda zinapita zikipiga honi, abiria anaongea na simu kwa sauti kuliko spika ya mnada, hakuna anayesimama. Mimi husimama, mwiko mkononi, na wateja wageni hudhani nimesahau nilichokuwa napika.

Binti yangu Sada, anayesoma chuo, alikuwa likizo nyumbani nilipomsimulia haya. Nilikuwa bado nasimulia wale wageni walivyoshuka kwenye lori, yeye keshafungua simu. "Mama, mbona ipo wazi tu," akasema, akanisomea jina la mtunzi, nchi yake, shule yake. Kitu kilichotuangusha sisi shule nzima, yeye alikipata kwa kidole gumba, mguu mmoja juu ya kiti, anatafuna chapati. Nilimwonea wivu, nikamwonea na huruma. Hakuna aliyemdanganya, na hakuna aliyesimama mbele yake akitetemeka kwa ajili ya kumwambia kweli.

Simulizi ilipofika kwa Bibi, Sada alianza kusikiliza. Akaandika jina la babu yangu na la Kimamba, akasubiri. Akajaribu tena kwa namna nyingine.

"Hayupo, Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Akaiweka simu mezani, uso chini. "Sauti yake ilirudi?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikakuta sijui. Sikumwuliza Bibi. Mwalimu naye hakumwuliza. Enzi zetu mtu mzima akishamaliza kusema ulishukuru, ukaosha vikombe. Bibi amelala Kimamba kando ya mumewe miaka mingi sasa, na swali hilo, mtoto wa siku hizi aliliuliza kabla hajameza chapati yake.