Beseni la Mzungu Mbele ya Pikipiki

Wale wanaosema mwanamume halii hawajawahi kutoka Butembo alfajiri juu ya pikipiki isiyo na kitu mbele, wakapita Musienene, wakapanda hadi Lubero. Mimi nililia njia ile kila juma, miaka ile ya kwanza ya uhuru, kwa pua na kwa macho yote mawili, na sikuwa na huzuni hata kidogo. Mara nyingine nilikuwa naimba. Upepo wa kule hauulizi habari za moyo wako. Unaingia machoni, machozi yanakimbilia masikioni, kamasi inatafuta njia yake, taya linakuwa gumu, na ukifika una sura ya mtu aliyefiwa na ukoo mzima.

Baba yangu mdogo alikuwa na lori moja na duka moja pale Beni. Alijihesabu tajiri kwa sababu ya lori, maana dukani mlikuwa na chumvi na mende tu. Kazi yangu ilikuwa kulitangulia lori. Nililala Butembo, nikaondoka na pikipiki kabla ya jua, nikafika Lubero nikapatana na wakulima bei ya viazi na maharage, ili lori likifika mchana likute magunia yameshashonwa. Juu ya lori alikaa utingo, kijana wa rika langu, mwenyeji wa Lubero, rafiki yangu wa kweli. Alikuwa mtoto wa kiume pekee wa mama yake, mjane. Alikuwa pia na dada, na kwa ajili ya huyo dada mimi nilikuwa tayari kununua viazi hata vilivyooza.

Sasa fikiria. Barabara ina kona na mabonde, lori ni kuukuu, breki zake zinajulikana mpaka kwa mapadri. Anayekuja mbele ya lori ni mimi. Nikifika nalia, Lubero nzima inaelewa jambo moja tu.

Mara ya kwanza nilisimamisha pikipiki uani kwa yule mjane, machozi yanatiririka, nikafungua mdomo nimsalimie. Mdomo haukufunguka. Taya lilikuwa limeganda. Nikabaki namtazama huku natetemeka. Alitazama uso wangu, akaangusha kikapu, akamlilia mwanawe.

“Mwana waghe! Mama weee! Mwana waghe!”

Wanawake wakatupa majembe shambani wakaja mbio. Wanaume wakaleta kuni na kuwasha moto wa msiba uani, na jirani mmoja, ambaye sikuwahi kumwona akikimbia kabla wala baada ya siku ile, alikwishakimbilia pombe ya ndizi. Nilipopata joto la ule moto, taya likalegea, nikasema: “Jambo, mama.” Hakuna aliyenisikia. Walikuwa tayari wanabishana nani atatoa mbao za jeneza. Mchana lori likaja likipiga honi, marehemu amekaa juu ya turubai anatafuna muwa. Waombolezaji walimkasirikia kidogo. Hata hivyo hawakurudi nyumbani kabla ya kumaliza pombe.

Mara ya pili mjane alijikaza kwa muda wa pumzi mbili, kisha akaanguka. Mara ya tatu alizimia mlangoni, na wanawake walimmwagia maji mpaka jua likawa juu.

Baada ya hapo akaniita. Kwa desturi zetu, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala hawagusani, na hata kabla ya mahari alikuwa amekwisha kuniweka katika heshima hiyo. Alikaa ndani ya jiko, mimi nje, ukuta wa udongo kati yetu. Padri alikuwa na pingamizi lake kwa sababu mimi ni Mwislamu, shehe wetu wa Beni alikuwa na la kwake kwa sababu msichana ni Mkatoliki, na wote wawili tungewamaliza kwa subira. Pingamizi la mama lilikuwa lingine.

“Sikia, mutoto,” akasema kupitia ukuta. “Mi hapana kataa dini yako. Hapana kataa mbuzi zako. Lakini mwanaume mwenye ananiua mara tatu, nitamupa binti yangu namna gani?”

“Mama, njo mupepo tu. Hapana kilio.”

“Basi funga ule mupepo. Weka kitu mbele ya tukutuku yako. Siku utafika na macho makavu, utaleta mbuzi. Ukifika tena na machozi, usitoke juu ya tukutuku. Geuka tu, rudia kwenu Beni.”

Nilimpenda binti yake mpaka nikakosa usingizi, tena mimi ni mtu wa usingizi. Kwa hiyo nikaanza kuutafutia upepo dawa.

Utasema, si ungevaa miwani ya pikipiki? Nilivaa. Ya kwanza ilichukuliwa na askari kwenye kizuizi. Ya pili ilichukuliwa na mkubwa wake, aliyeona ya kwanza akaipenda. Miwani ile ilikuwa na wapenzi wengi jeshini. Nilihitaji kitu ambacho hakuna mwanajeshi angeweza kukitia mfukoni.

Butembo kulikuwa na fundi bati, mzee aliyetengeneza taa za vibatari na mabirika ya kahawa, mwenye vidole saba na maneno mengi. Nilipomweleza shida yangu alicheka mpaka akakohoa, kisha akanipeleka nyuma ya kibanda. Pale palikuwa na beseni la kuogea la zinki, refu, lile la mtu mzima kulala ndani. Lilikuwa la mkulima mmoja Mzungu wa kahawa aliyeondoka kwa haraka siku za uhuru, akaacha mashamba, mbwa, na beseni.

“Hii njo mali ya uhuru yenye nilipata,” fundi akasema. “Bengine balipata bureau na viti yake. Mi nilipata fasi Muzungu alikuwa ananawia matako. Tutaikata kati.”

Akalikata katikati kwa mkasi wa bati, akalisimamisha nusu moja mbele ya usukani, lile tumbo lake limeelekea barabarani, akalifunga kwenye vyuma vya taa kwa boliti nne. Nikapanda, nikatoka mjini kifua mbele. Kilomita mbili baadaye nililia kuliko siku zote za maisha yangu. Ukingo wa beseni uliishia usawa wa kidevu, na upepo wote uliokuwa zamani umegawanywa kati ya kifua, mabega na uso, sasa ulipanda juu ya zinki na kuja puani kwa pamoja. Tena kwenye kona beseni lilishika upepo wa pembeni, likageuza usukani lenyewe, likanipeleka katika shamba la maharage la mama mmoja ambaye matusi yake nayakumbuka mpaka leo, maana yalihusu beseni pia.

Nilirudi nikisukuma pikipiki. Fundi hakushtuka. Alitoboa mashimo pembeni ili upepo wa ubavuni upate pa kupita, akalilaza beseni nyuma kidogo, akasema juu yake panatakiwa kioo. Kioo kilikuwa shida Butembo wakati ule. Akafikiri, akaingia ndani, akatoka na fremu ya picha ya mfalme wa Wabelgiji. Walikuwa wameitoa ukutani kwenye ofisi moja na kuitupa jalalani. Mfalme alikuwa na upanga na medali zake zote. Fundi akamtoa, akamviringisha, akamweka mahali pa kuwashia moto, akachukua kioo. Kumbe rais wetu naye alitundikwa pale ofisini bila kioo, nzi wakamnyea usoni tangu juma la kwanza la utawala wake. Nilipolisikia hilo baadaye nilijiona kama mwenye deni la taifa.

Kioo kilifungwa kwa vipande vya mpira wa tairi, kimelala kidogo kuelekea kwangu. Safari hii upepo ulipanda juu ya zinki, ukapanda juu ya kioo, ukapita juu ya kofia yangu ukaenda zake. Mbele ya kifua palikuwa kimya. Nilisikia mashine yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza, na sikuipenda sauti yake, lakini macho yalikuwa makavu.

Kwenye kizuizi askari walilizunguka lile beseni mara mbili.

“Oyo nini?” akauliza mkubwa wao.

“Kinga ya mupepo, chef.”

“Risasi inapita?”

“Inapita, chef! Inapita sana!”

Mwingine akaomba tujaribu ili tujue. Wakapiga kura, nusu walitaka kujaribu mimi nikiwa nimekaa, nusu nikiwa nimeshuka. Nikawapa sigara zote nilizokuwa nazo, na demokrasia yetu changa ikaniachia nipite.

Lubero nilifika saa mbili asubuhi. Mjane alikuwa uani anaanika mtama. Alisikia pikipiki, akashika kifua, akageuka polepole. Nilishuka, uso mkavu, taya laini, nikamwamkia kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya mtangazaji wa redio: “Wavukire, mama! Kamiyo ya baba mudogo iko nyuma. Butoto wako ni muzima.” Kwa furaha nilikosea hata maneno, mutoto akawa butoto. Yeye alisahau desturi, akanitazama moja kwa moja, akatazama beseni, akaelewa ni beseni la nini, akaingia jikoni haraka. Niliusikia ukuta ukicheka.

Mbuzi wakapelekwa. Tangu siku ile, akisikia pikipiki kwa mbali hakushika kifua tena, alitazama tu kama beseni lipo, kisha akaendelea na kazi. Rafiki yangu utingo aliniambia kwamba mama yake alianza kulala usiku wa kuamkia siku za lori. “Ile beseni ilimuponyesha kuliko daktari wa misheni,” alisema. Tulipanga harusi baada ya mavuno.

Kabla ya mavuno waasi wakafika Beni. Wakaondoka askari, wakaja waasi, wakatoka waasi, wakarudi askari, na wote waliokuja walisema wamekuja kutuokoa na waliotangulia. Baba mdogo alilificha lori katika michikichi na kulifunika matawi. Asubuhi moja risasi zilipotulia, utingo akaenda kutazama kama wamelitoboa matairi. Hatukuwa tumemtuma. Alilipenda tu lile gari. Risasi ikamkuta amesimama juu ya turubai, mahali pake pa siku zote. Mpaka leo sijui ilikuwa ya askari au ya mwasi, na wote wawili wakaja kudai si yao.

Tulimzika Beni, kwa sababu njia ilikuwa imefungwa. Ilipofunguka, baba mdogo aliijaza mafuta pikipiki yangu. Mimi ndiye niliyetangulia siku zote.

Kutoka Beni mpaka Butembo nilitafuta maneno. Nililala Butembo, sikuyapata. Alfajiri nikapanda. Nyuma ya beseni macho yangu yalikuwa makavu kabisa, na nikaanza kuogopa jambo moja: kwamba nitaingia ule ua na uso mkavu, mama ataona beseni, atafurahi, na mimi itabidi niichukue ile furaha mkononi mwangu na kuivunja kwa mdomo wangu. Nilikuwa mwoga. Nasema wazi, nilikuwa mwoga. Kupita Musienene kidogo nilisimama, nikatoa spana, nikalegeza boliti zote nne. Nikaliacha beseni na kioo cha mfalme kwa mzee mmoja aliyekuwa analima kando ya njia. Nilitaka upepo ufanye kazi yake ya zamani. Nilitaka mama anione kwa mbali, aelewe, aanze kulia kabla sijafika, watu waje na kuni zao, na mimi nisiseme neno.

Upepo ulinifanyia nilivyotaka. Nilifika Lubero siwezi hata kufunga macho.

Mjane alikuwa uani. Alinitazama, akatazama pikipiki uchi, akatazama tena uso wangu ulioloa mpaka shingoni. Kisha akaweka mikono kiunoni akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka mbele yangu bila ukuta.

“Mukwe! Beseni ilivunjika? Ona vile mupepo ilikufanya!” Akageuka kumwita binti yake. “Lete uji ya moto, bwana yako amekuya tena na kilio yake!” Akanigeukia, bado anacheka. “Na kamiyo? Itafika saa ngapi?”

Nilijaribu kusema. Taya lilikuwa gumu. Alisubiri, amesimama pale na kicheko chake, ananipa muda nipate joto, maana sasa alinijua. Mchumba wangu alitoka na bakuli, akaniona, akasimama. Yeye alielewa kabla ya mama yake. Akaliweka bakuli chini.

“Mama,” nikasema. “Leo hapana mupepo.”

Hakupiga kelele. Nilizingoja kelele zile, nilizihitaji. Alinisogelea karibu kuliko desturi inavyoruhusu, akashika pindo la kitenge chake, akaanza kunipangusa macho. Alipangusa kwa nguvu, la kulia, la kushoto, tena la kulia. Yalikuwa yanatoka mengine, naye anapangusa. Alikuwa anataka yakauke, ili ionekane kwamba ni upepo.